"Mtandao Hakuna" Si Jibu

Kuna maneno mawili ambayo siku hizi yanasikika kila mahali palipo na kompyuta. Maneno hayo ni "mtandao hakuna". Mstaafu aliyepanda basi alfajiri kuja mjini kufuatilia mafao yake huambiwa maneno hayo dirishani, akageuka na kurudi alikotoka. Mwalimu anayetakiwa kuingiza alama za wanafunzi wake kabla ya saa sita usiku huyatamka maneno hayo hayo akiwa nyumbani kwake, akaifunga kompyuta na kwenda kulala. Yakishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza zaidi, na hakuna anayedaiwa maelezo.

Sisemi kwamba wanaoyatamka ni waongo. Mara nyingi wanasema ukweli kama wanavyouona. Lakini tujiulize: mgonjwa akifika zahanati na kusema "naumwa", je, mganga humwandikia dawa papo hapo? La hasha. Humwuliza anaumwa wapi, tangu lini, alikula nini, na kama wenzake wa nyumbani nao wanaumwa. "Naumwa" ni mwanzo wa maelezo. "Mtandao hakuna" nayo ni mwanzo wa maelezo, lakini sisi tumeifanya kuwa mwisho wake.

Hoja ninayotaka kuitetea katika ukurasa huu ni kwamba kila mtandao unapokatika, umekatika mahali fulani. Mahali hapo panaweza kutafutwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na mtu yeyote aliyesoma, hata kama hajawahi kuwa fundi. Na mtumishi au mwalimu anayekataa kujifunza utaratibu huo, gharama ya uzembe wake hailipi yeye. Inalipwa na yule aliyesimama upande wa pili wa dirisha.

Kabla sijawakosoa wenzangu, ni haki nianze kwa kujikosoa mwenyewe.

Miezi michache iliyopita nilikuwa na makala ya kumpelekea mhariri jioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Uliporudi, niliwasha kompyuta katika chumba ninachofanyia kazi. Ilionyesha kwamba imeungana na Wi-Fi ya nyumbani, na vistari vya nguvu vilikuwa vimejaa, lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliofunguka. Bila kufikiri nikapiga simu kwa kampuni inayoniletea huduma. Nilisubiri muda mrefu nikisikilizishwa muziki, na kijana wa watu alipopokea nilimfokea. Nilimwambia kwamba wao ni wanyonyaji wanaochukua fedha za watu bila kutoa huduma. Alinijibu kwa upole kwamba kwa vipimo vyao laini yangu ni nzima. Sikumwamini. Kesho yake nikamwita fundi wa mtaani, akaitazama kompyuta dakika chache, akatangaza kwamba kadi ya mtandao imekufa na inafaa inunuliwe nyingine. Nikamlipa gharama ya kuja, nikaanza kuhesabu fedha za kadi.

Wakati wote huo simu yangu ya mkononi, ambayo ilikuwa sebuleni ikitumia Wi-Fi ya nyumba hiyo hiyo, ilikuwa ikipokea habari kama kawaida. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu mawili, lakini sikujiuliza lina maana gani.

Aliyenitoa katika giza hilo ni jirani yangu, mama mtu mzima ambaye anafundisha hisabati katika shule ya sekondari. Alikuwa amepita kunijulia hali. Nilimwamkia, nikamweleza masaibu yangu na jinsi kampuni ile isivyo na aibu. Hakunionea huruma hata kidogo.

"Vifaa vyote vimekataa, au hiki kimoja?" akauliza.

"Kimoja, Mwalimu. Simu inafanya kazi."

"Basi kampuni ya watu umeitukana bure, mwanangu. Kisima kikikauka, ndoo zote hurudi tupu."

Akaniagiza nifungue katika kompyuta lile dirisha jeusi la kuandikia amri, niandike "ipconfig" na kusoma kinachotokea. Kompyuta ilionyesha anwani yake kuwa 192.168.0.104, na anwani ya lango lake la kutokea kuwa 192.168.0.1. Kisha akaniambia niende sebuleni, niigeuze ruta ya kampuni na kusoma kibandiko chake cha chini. Kibandiko kilisema 192.168.1.1.

"Haya niambie," akasema, "kompyuta yako inapita katika lango la nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimenunua ruta ndogo ya mtumba ili Wi-Fi ifike vizuri chumbani. Nilivuta waya kutoka ruta ya kampuni, nikauchomeka katika tundu lolote nililoliona, nikaipa ruta ndogo jina na nywila ya ile kubwa, nikajipongeza kwa kazi nzuri. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda sawa, kwa sababu kompyuta ilikuwa bado inashikilia anwani iliyopewa na ruta kubwa. Umeme ulipokatika na kurudi, ruta ndogo iliamka upesi kuliko kubwa. Kompyuta ilipopiga kelele kuomba anwani, ruta ndogo ndiyo iliyojibu kwanza, na kompyuta humsikiliza anayejibu kwanza. Ikapewa anwani na kuelekezwa kwamba njia ya kwenda duniani ni kupitia ruta ndogo yenyewe. Na ruta ndogo haikuwa na njia yoyote ya kwenda duniani.

Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika nyumba yangu niliwaweka mafahali wawili, kila mmoja akigawa anwani na kujitangaza kuwa ndiye mlango, halafu nikailaumu kampuni. Mwalimu aliingia katika mipangilio ya ruta ndogo, akaipa anwani ya 192.168.1.2 isiyogongana na ya kubwa, akaizuia isigawe tena anwani kwa mtu yeyote. Kompyuta ikaomba upya, ikajibiwa na mwenye haki ya kujibu, na kurasa zikafunguka. Kazi yote haikufika nusu saa. Kadi ilikuwa nzima, kampuni haikuwa na kosa, na mkosaji alikuwa mwenye nyumba.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu naamini nyumba yangu si ya peke yake. Na nilipoyatafakari niligundua kwamba mama yule hakutumia ujuzi wowote wa siri. Alitumia hisabati ya darasa la chini: kugawa tatizo katika mafungu mawili, kuliondoa fungu lisilohusika, kisha kuligawa lililobaki. Utaratibu huo unafaa kila mmoja wetu awe nao kichwani, nami nitaupanga hapa kama nilivyojifunza, kutoka karibu kwenda mbali.

Kwanza ni umeme, waya na taa. Jambo hili ni dogo mno hata watu huona aibu kulitazama, na kwa sababu ya aibu hiyo hupoteza siku nzima. Je, ruta inawaka? Je, waya umeingia sawasawa katika tundu lake, au mtoto ameuvuta? Je, kifurushi hakijakwisha? Penye shaka, zima ruta, subiri kama nusu dakika, uiwashe na kuipa dakika chache iamke. Penye ruta mbili, ianze ya kampuni, ifuate ya pili. Kuizima na kuiwasha si ushirikina kama baadhi yetu tunavyodhani. Ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu yake. Ikichanganyikiwa, kuamka upya huifanya ianze na daftari safi.

Onyo moja hapa. Nyuma ya ruta nyingi kuna kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa ncha ya kalamu au sindano. Hicho hakiwashi ruta upya tu. Hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ambazo kampuni iliziweka ili laini yako itambulike. Wako wengi walioanza na hitilafu ya dakika 10, wakabonyeza kitundu hicho, wakapata hitilafu ya siku tatu.

Pili ni swali la Mwalimu: kimoja au vyote? Kama vifaa vyote vya nyumbani vimekosa mtandao, tazama ruta na laini inayoingia. Kama ni kimoja tu, wengine wote hawana hatia, kichunguze hicho. Lakini jihadhari na simu, kwani Wi-Fi ikikosa njia, simu huweza kuhamia kimyakimya katika kifurushi chake, ikakudanganya kwamba ruta ni nzima. Zima kwanza data ya laini, ndipo uulize.

Tatu ni kuondoa hewa katika hesabu. Chukua waya wa mtandao, uunganishe kompyuta na ruta moja kwa moja. Kama kwa waya mambo ni mazuri na kwa Wi-Fi ni mabaya, basi ugonjwa uko hewani. Wi-Fi za nyumbani hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa watu. Katika masafa hayo, kati ya chaneli zote, ni 1, 6 na 11 ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Katika nyumba za kupanga zenye ruta kumi zilizobanana, wote hupiga kelele katika chaneli zile zile, na hata oveni ya maikrowevu ya jirani hutia mchango wake kwa kuwa nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Masafa ya 5 yana nafasi kubwa zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta wa tofali. Kwa hiyo ruta iliyofichwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, haina budi kuwasumbua walioko chumba cha mwisho. Iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba.

Nne ni anwani. Kila kompyuta katika mtandao ina anwani, na katika nyumba nyingi huanza na 192.168. Anwani za namna hii zilithibitishwa katika waraka wa wahandisi wa intaneti wa mwaka 1996 kuwa ni za matumizi ya ndani tu. Ni kama namba za vyumba katika nyumba za wageni: kila nyumba ina chumba namba 3, wala hakuna ugomvi, kwa sababu barua huletwa mapokezini na mapokezi ndiyo yanayojua chumba. Ruta ndiyo mapokezi. Mpango huu umetusaidia sana, kwa maana anwani za kawaida za dunia nzima ni kama bilioni 4.3 tu, na hazina yake kuu ilimaliza kugawa mafungu yake ya mwisho mwezi Februari 2011.

Ukiona anwani ya kompyuta yako inaanza na 169.254, ujue kwamba iliomba anwani, haikujibiwa na mtu, ikajibatiza yenyewe. Hapo usipoteze muda kulaumu tovuti wala kampuni. Kompyuta na ruta hazijasikilizana. Na ukiona anwani ya lango isiyolingana na ile ya ruta yako, kumbuka mafahali wangu wawili.

Tano ni kubisha hodi. Iko amri fupi iitwayo "ping". Iliandikwa mwezi Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa katika maabara ya jeshi la nchi hiyo, akaipa jina la mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kutambua vitu majini kwa mwangwi. Hapa kwetu tungeiita hodi, maana hufanya hasa kile ambacho mgeni mstaarabu hufanya mlangoni: huita, husubiri, na hupima jibu limechukua muda gani. Bisha hodi kwanza katika lango, kwa mfano "ping 192.168.1.1". Kama ruta haijibu, tatizo liko kati yako na ruta, ndani ya kuta zako. Kama inajibu, bisha hodi mbali, kwa mfano 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya huduma ya majina iliyofunguliwa na Google mwaka 2009. Kama ruta inajibu na nje hapajibu, basi sasa, na si kabla ya sasa, una haki ya kuipigia kampuni simu. Ni kweli kwamba wako wenye milango wanaosikia hodi na kukaa kimya kwa makusudi ya ulinzi; kwa hiyo jaribu milango miwili au mitatu kabla hujatoa hukumu.

Sita ni majina. Huenda 8.8.8.8 ikajibu vizuri ilhali tovuti kwa jina lake haifunguki. Hapo njia ni nzima, ila kitabu cha majina kimepotea. Kompyuta haijui kwenda kwa majina, inajua namba. Na utaratibu wa kugeuza majina kuwa namba, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, una watumishi wake ambao nao huugua. Ukiielekeza kompyuta kwa mtumishi mwingine wa majina, mara nyingi mambo hunyooka. Hali kadhalika, tazama saa na tarehe. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kurudi nyuma miaka mingi, na kurasa zenye ulinzi zikakataa kufunguka, kwa kuwa hati zao za utambulisho zina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mtu akaambiwa mtandao hakuna, kumbe ni kalenda.

Zaidi ya hapo uko nje ya nyumba yako. Taa nyekundu katika kifaa cha faiba, hasa ile iliyoandikwa LOS, ni ishara kwamba mwanga haufiki, yaani waya umekatika au umekunjwa mahali fulani. Na wakati mwingine hitilafu huwa mbali kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili inayopita chini ya bahari ya Hindi, SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010, ilikatika. Nchi za Afrika Mashariki zikatikisika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku ile hakuna ruta ya nyumbani iliyokuwa na kosa, na watu walioichomoa na kuichomeka usiku kucha walijichosha bure. Elimu ya kutafuta hitilafu ina faida hiyo pia: inamwambia mtu lini atulie.

Najua yatakayosemwa dhidi ya maneno haya. Wa kwanza atasema, "Mimi ni mwalimu wa historia" au "mimi ni karani wa masjala, mtandao una wataalamu wake." Namjibu kwamba hakuna anayemtaka aunde ruta. Dereva si mhandisi, lakini dereva asiyeweza kutazama maji ya rejeta wala kubadili tairi hatumpi abiria. Kompyuta sasa ni chombo cha kazi cha mwalimu na cha karani kama ubao na faili vilivyokuwa zamani. Mtu huwajibika kukijua chombo chake angalau kiasi cha kuweza kusema kimeumia wapi.

Wa pili atasema kwamba katika ofisi hairuhusiwi mtu kugusagusa mitambo. Hapo yuko sawa kabisa, nami namuunga mkono. Ruta ya ofisi ina walinzi wake, na mtumishi anayechomeka ruta yake mwenyewe ukutani ili apate Wi-Fi mezani anaweza kuangusha idara nzima kwa kosa lile lile nililofanya mimi nyumbani. Lakini kutogusa si kutotazama. Utaratibu huu tujifunze nyumbani, kwenye ruta zetu wenyewe, na ofisini tuutumie kwa kutoa taarifa. Linganisha taarifa hizi mbili. Ya kwanza: "Mtandao hakuna." Ya pili: "Kompyuta zote nne za chumba chetu hazina mtandao tangu saa 3:20 asubuhi, ruta inajibu, nje hapajibu, na taa ya faiba ni nyekundu." Fundi anayepokea taarifa ya kwanza atakuja kesho kuanza kuuliza maswali. Anayepokea ya pili anajua abebe nini.

Wa tatu, naye ndiye ninayemwonea huruma, atasema kwamba mambo haya yote yameandikwa kwa Kiingereza na yanatisha. Ni kweli yameandikwa hivyo. Lakini tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili na kujadiliana juu ya malaria, kichocho na vyoo. Waliofundishwa walikuwa wakulima, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejua kusoma, na waliyofundishwa yalihusu vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hakuna aliyesema kijidudu ni jambo la wataalamu. Kama iliwezekana kumweleza mkulima juu ya kijidudu kwa Kiswahili chini ya mwembe, kwa nini ishindikane kumweleza mhitimu wa chuo cha ualimu juu ya anwani na lango?

Basi yako mambo matatu ambayo nadhani yangefaa kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza, makampuni yanayotuuzia huduma hii yatoe pamoja na kila ruta karatasi moja ya Kiswahili safi inayoeleza kila taa ina maana gani na mteja afanye nini kwa mpangilio gani kabla ya kupiga simu. Karatasi hiyo ingewapunguzia hata wao wenyewe matusi ya watu kama mimi. La pili, vyuo vya ualimu viufanye utaratibu wa kutafuta hitilafu kuwa sehemu ya somo la kompyuta, kwa vitendo: mkufunzi aharibu kitu kimoja kwa makusudi, wanafunzi wakitafute. La tatu, kila ofisi iwe na daftari la hitilafu, ambamo huandikwa siku, saa, dalili, chanzo kilichoonekana na dawa iliyotumika. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa mwalimu bora kuliko semina yoyote, kwa kuwa hitilafu za mahali pamoja hupenda kurudi.

Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji karatasi, mkufunzi wala daftari. Hata pale mtandao unapokuwa umekatika kweli, na kosa liko baharini, mtu aliyesimama dirishani bado ni mtu, na shida yake bado iko mkononi mwake. Karani anaweza kupokea nyaraka zake, kuzikagua kama zimekamilika, kuandika jina lake na namba yake ya simu, na kumpa karatasi inayothibitisha kwamba alifika. Mtandao ukirudi, kazi ifanywe na mwenyewe apigiwe simu. Kabla ya kompyuta kuja, ofisi zetu zilifanya kazi kwa kalamu, na kalamu hazijakatika. Anayemrudisha mstaafu kijijini mikono mitupu kwa sababu kioo hakionyeshi kitu hakuzuiwa na ruta kumpokelea karatasi zake.

Mwalimu yule, jirani yangu, alipomaliza kazi yake alikataa hata kikombe cha chai, akasema ana madaftari ya kusahihisha. Akiwa mlangoni aliniambia nimpigie simu kijana yule wa kampuni na kumwomba radhi. Nilichukua siku mbili kupata ujasiri, lakini nilipiga. Aliyepokea hakuwa yeye, nami sikujua jina lake. Nikaiacha salamu yangu kwa mwenzake, ambaye alicheka na kuniambia kwamba katika kazi ile husikia "mtandao hakuna" kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kuombwa radhi ni mara ya kwanza.

Ndugu msomaji, safari ijayo kompyuta yako itakapogoma, usianze kwa kulaumu. Tazama taa. Uliza kama ni kimoja au vyote. Chukua waya. Soma anwani. Bisha hodi mlango kwa mlango hadi ufike pale pasipojibu. Ukishapajua, sema wazi ni wapi, kwa sababu wapo watu wanaosubiri jibu lako.